Satiri ana mkia wa farasi: majibu kwa wasomaji wa Moshi na Arusha

Barua za safari hii zimeegemea upande mmoja: masatiri, wale viumbe wa msituni, walevi na wacheza ngoma, wanaoandamana na Dionysus, mungu wa mvinyo wa Wagiriki wa kale. Tumeanza na barua ya mchongaji, maana jibu lake litawafaa karibu wote wanaomfuata.

Nachonga mpingo hapa Arusha. Mteja ameagiza satiri wa sentimita 40 na ameniletea picha ya mtu mwenye pembe na miguu ya mbuzi. Mwenzake anasema satiri ana mkia wa farasi. Nimsikilize nani, na nimchonge vipi?
*Mchongaji, Arusha*

Fundi, yule wa pili ndiye aliye karibu na Wagiriki wenyewe. Ushahidi mzuri ni chungu kikubwa cha kuchanganyia mvinyo kilichotengenezwa Athens yapata mwaka 570 kabla ya Kristo (KK) na mfinyanzi Ergotimos, kikapambwa na mchoraji Kleitias. Kilifukuliwa karibu na Chiusi, Italia, mwaka 1844, na leo kiko Florence. Humo Dionysus anamrudisha Hephaestus, mungu wa wahunzi, kwa miungu wenzake baada ya kumlewesha, na nyuma yao wanafuata viumbe ambao mchoraji amewaandikia jina la Silenoi. Mmoja amebeba kiriba cha mvinyo, mmoja anapuliza zumari pacha, mmoja amembeba nimfa, binti wa kimungu wa misitu na chemchemi. Masikio yao ni ya farasi, mikia ni ya farasi, hata miguu ya nyuma ni ya farasi.

Miaka ilivyokwenda, wachoraji wa Athens waliwapa miguu ya binadamu, lakini mkia na masikio vikabaki. Pembe na kwato za mbuzi ni za Pan, mungu wa wachungaji kutoka Arcadia. Baada ya enzi za Aleksanda Mkuu wasanii walianza kuwachanganya, na Waroma, waliokuwa na mungu wao Faunus, wakaendeleza mchanganyiko huo. Picha ya mteja wako si ya uongo, ila ni ya zama za baadaye. Kabla hujagusa gogo, muulize anataka satiri wa Athens au wa Roma, kisha mwandikiane.

Akitaka wa Athens, fuata vipimo hivi. Kichwa kiwe kikubwa kidogo kuliko kawaida: kwa sanamu ya sentimita 40 mpe sentimita 6 hadi 6.5. Paji liwe na upara, pua iwe bapa na fupi, ndevu ziwe ndefu na zilizochongoka. Masikio yatoke mahali pa masikio ya mtu, lakini ncha zielekee juu na zipite usawa wa jicho. Mkia uanze mwisho wa uti wa mgongo, juu kidogo ya makalio, ushuke hadi nyuma ya goti. Wachongaji wengi huuweka chini mno, na hapo unaonekana kama kipande cha nguo.

Mkia ndio utakaokusumbua. Ukiuchonga kwa gogo lilelile na kuupindisha nje, nyuzi za mti zinaukata mkia kwa upana kwenye shina lake, na siku sanamu ikianguka utakatika hapohapo. Chonga mkia peke yake, nyuzi zikienda na urefu, kisha uupachike kwa kijiti katika tundu la milimita 8 kwa upana na 15 kwa kina. Vipande vyote viwili viwe vimekauka sawasawa, la sivyo kiungo kitaachia. Mpingo hukauka polepole sana, na upepo wa kiangazi cha Arusha hupasua ncha za gogo kwanza, kwa hiyo zipake nta siku unayolikata.

Kuna aina ya tatu ambayo wateja huipenda wakiiona: satiri kijana asiye na ndevu, mwili mzuri wa binadamu, masikio tu ndiyo yaliyochongoka. Sura hiyo ilipata umaarufu kwa Praxiteles katika karne ya 4 KK. Ni rahisi kuuza na ngumu kuchonga, maana hakuna manyoya ya kufichia makosa ya misuli.

Nafundisha sekondari hapa Moshi. Wanafunzi wangu wanataka kuigiza tamthilia ya masatiri. Ipo iliyobaki nzima? Tunahitaji watu wangapi, na barakoa na mavazi tutatengenezaje kwa fedha kidogo?
*Mwalimu, Moshi*

Mwalimu, ipo moja tu iliyobaki nzima: *Cyclops* ya mshairi Euripides. Katika sikukuu kubwa ya Dionysus mjini Athens, kila mshairi wa tanzia alileta tanzia tatu, na baada yake tamthilia moja ya masatiri. Anayetajwa kuuanzisha mtindo huu ni Pratinas wa Phlius, mwishoni mwa karne ya 6 KK. Ya mshairi Sophocles kuhusu masatiri wanaofuata nyayo za ng'ombe wa mungu Apollo walioibwa imebaki takriban nusu, kwenye mafunjo yaliyopatikana Oxyrhynchus, Misri, na kuchapishwa mwaka 1912. *Cyclops* ina mistari 709, karibu nusu ya urefu wa tanzia kamili, kwa hiyo kwa shule inafaa sana.

Kisa chake ni hiki. Silenus mzee na masatiri wanawe walisafiri baharini kumtafuta Dionysus aliyetekwa na maharamia, dhoruba ikawatupa Sisilia, na sasa ni watumwa wa jitu lenye jicho moja, Polyphemus. Tamthilia inapoanza Silenus anasafisha pango kwa reki ya chuma. Odysseus, shujaa anayerudi kutoka vita vya Troya, anafika na kiriba cha mvinyo. Silenus anampa jibini na wanakondoo wa bwana wake ili apate kunywa. Jitu likitokea, anageuka na kudai ameibiwa na kupigwa. Masatiri wenyewe wanamkana baba yao mbele ya jitu. Odysseus analilewesha na kulitoboa jicho. Saa ya hatari ikifika, masatiri walioahidi kumsaidia wanaanza visingizio: hawa wako mbali na mlango, wale miguu imeteguka wakiwa wamesimama tu, wengine macho yamejaa vumbi. Kisha wanajitolea kuimba uganga wa Orpheus, mwimbaji wa hadithi, ili kigingi kiende chenyewe. Hapo ndipo watazamaji wa shule yako watacheka zaidi, kwa hiyo msikimbie. Kila kisingizio kipewe mwanafunzi wake, na kimya kifupi baada yake.

Waigizaji wa kuzungumza ni watatu: Silenus, Odysseus na Polyphemus. Wenzake Odysseus wawili au watatu hawasemi. Kwaya ya tanzia ilikuwa na watu 12, Sophocles akaongeza hadi 15, nanyi chukueni 12, safu tatu za wannewanne. Kuna mzaha wa jitu lililolewa kumburuta Silenus pangoni kama mpenzi wake. Uondoeni, mwacheni Polyphemus alale usingizi wa pombe. Utoboaji wa jicho hufanyika ndani ya pango, nje ya macho ya watu, nanyi mfanye vivyo hivyo, maana mlio kutoka gizani unatisha kuliko kijiti cha maonyesho.

Tukija kwenye barakoa, zile za kale zilikuwa za kitani kilichokakamazwa, zikifunika kichwa chote pamoja na nywele. Hakuna hata moja iliyobaki, ila tunaziona kwenye michoro, hasa chungu cha Pronomos cha yapata mwaka 400 KK kilichoko Naples, ambapo wanakwaya wameshika barakoa zao mkononi. Kwenu kitambaa cha marekani kinatosha, mita moja kwa barakoa moja pamoja na masikio.

Finyanga sura moja ya udongo, kubwa kuliko uso wa mwanafunzi kwa sentimita 2 kila upande, ili sponji ya kutandika ndani ipate nafasi. Ifunike kwa nailoni, maana udongo mtupu hunyonya maji ya gundi na kushikana na kitambaa. Pika gundi kwa gramu 200 za unga wa ngano katika lita moja ya maji, ukikoroga hadi iwe nzito, tia vijiko viwili vya chai vya chumvi kuzuia ukungu, iache ipoe. Kata vipande vya sentimita 3 kwa 10, chovya, kamua, bandika, kila safu ikikatiza ile ya chini yake. Safu tano zinatosha. Bandika mbili, anika siku nzima juani, kisha mbili nyingine, kisha ya mwisho. Wanaobandika zote tano kwa siku moja hupata barakoa iliyokauka nje na kuoza ndani, na masika ya Moshi hayasamehe. Kama mnafanya kazi hiyo Aprili au Mei, tumieni gundi nyeupe ya maseremala, sehemu tatu kwa moja ya maji, badala ya unga.

Tundu la mdomo liwe na upana wa sentimita 6 na kimo cha 3, na kitambaa kisiguse midomo ya mwanafunzi. Mdomo mdogo humeza sauti, na watazamaji wa nyuma watasikia mvumo tu. Macho ya barakoa yawe makubwa kuliko ya mtu, kwa sababu mcheza ngoma asiyeona miguu ya mwenzake ataanguka. Ndevu na nywele ni katani iliyotiwa rangi nyeusi, ishoneni kwa sindano ya magunia. Mkiibandika kwa gundi peke yake itadondoka kabla ya shairi la pili.

Vazi la satiri wa jukwaani lilikuwa kaptura ya manyoya yenye mkia wa farasi nyuma na kiungo cha kiume cha ngozi mbele. Hicho cha mbele acheni. Mkia ni katani ya sentimita 60, gramu 150 hivi, iliyoshonwa kwenye mkanda wa turubai wenye upana wa sentimita 8. Ushoneni kwa mistari miwili, juu na chini. Ukifungwa kwa kamba moja utahamia kiunoni mwanafunzi akiruka, na wataruka sana, kwa maana ngoma ya masatiri, iliyoitwa sikinisi, ilikuwa ya kasi na mirukoruko. Silenus peke yake huvaa nguo nyeupe ya manyoya mwili mzima. Chukueni ovaroli kuukuu jeupe na mshonee vishada vya pamba kila sentimita 4. Msijaze zaidi, kwa sababu joto humzidi mchezaji. Kwenye tamthilia yenyewe kwaya inalalamika kwamba imevaa ngozi ya mbuzi, vazi la watumwa wachungaji. Mkipata ngozi machinjioni, hakikisheni imepakwa chumvi na kukauka kabisa, la sivyo harufu itawashinda wanafunzi kabla ya mazoezi ya pili.

Mvinyo wa jukwaani uwe juisi ya rozela iliyozimuliwa kwa maji, maana rozela nzito hutia madoa kwenye pamba ya Silenus.

Huku kwetu Kibosho mbege hunywewa kama ilivyo. Nimesoma kwamba Wagiriki waliutia mvinyo maji. Kwa nini, na kiasi gani? Na mbona masatiri hawachanganyi?
*Mzee, Kibosho*

Mzee wetu, shikamoo. Umeuliza jambo ambalo bila hilo masatiri hawaeleweki.

Kwenye karamu ya Kigiriki chombo kikuu kilikuwa kratera, chungu cha mdomo mpana kilichowekwa katikati ya chumba. Humo ndimo mvinyo ulizimuliwa, kisha vijana wakateka kwa kata na kujaza vikombe. Kipimo hakikuwa kimoja. Mshairi Hesiod anashauri sehemu tatu za maji na ya nne mvinyo, na palikuwa na tano kwa mbili, hata mbili kwa moja. Kwa kipimo cha Hesiod, kratera ya lita 12 inapata lita 9 za maji na 3 za mvinyo. Mvinyo wenye asilimia 14 ya kilevi ukizimuliwa hivyo hubaki na 3.5. Mtu anaweza kukaa na kinywaji hicho usiku mzima akiimba mashairi na kujadiliana, na karamu ilikuwa kwa ajili hiyo. Mvinyo ambao Odysseus alipewa na kuhani Maron wa Ismarus, kwa mujibu wa mshairi Homer, ulikuwa mkali kiasi cha kuhitaji kikombe kimoja kwa ishirini za maji. Ndio uleule aliomnywesha Polyphemus bila maji.

Kuunywa mtupu kulihesabiwa kuwa desturi ya washenzi, na ya hatari. Wasparta, kwa simulizi ya mwanahistoria Herodotus, walisema mfalme wao Cleomenes alirukwa na akili kwa kujifunza unywaji huo kutoka kwa Waskithi, wahamaji wa kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Kisa kinachouma zaidi ni cha Ikarios, mkulima wa Attica ambaye Dionysus alimfundisha mvinyo. Aliwagawia wachungaji, wakaunywa bila maji, wakahisi vichwa vinazunguka, wakadhani wamelishwa sumu, wakamuua. Kulipokucha walielewa, wakamzika. Binti yake Erigone, akiongozwa na mbwa Maira, aliikuta maiti na akajinyonga.

Mshairi wa vichekesho Eubulus, wa karne ya 4 KK, anamfanya Dionysus mwenyewe apange hesabu: kratera tatu tu kwa wenye akili, ya kwanza ya afya, ya pili ya mapenzi na furaha, ya tatu ya usingizi, kisha wageni waende kwao. Ya nne si yake tena, ni ya ufedhuli. Zinazofuata zinaleta makelele, ngumi na mashitaka, na ya kumi ni wazimu.

Sasa masatiri. Wachoraji huwaonyesha wakiuingilia mtungi wa mvinyo kabla haujafika kwenye kratera: wanauinamia, wanaubeba, wanaunywa papo hapo. Na michoro hiyo iliwekwa kwenye vikombe na vyungu vya karamuni, mbele ya macho ya mnywaji. Kwa maoni yetu hapo ndipo satiri anapofanya kazi yake: anamwonyesha mtu aliyeketi na kikombe jinsi mwili unavyokuwa kipimo kikisahaulika. Mkia na masikio vinampa mnywaji nafasi ya kucheka, kwa kuwa huyo bado si yeye.

Binti yangu wa darasa la sita ameleta kitabu chenye picha za viumbe hawa. Ni mashetani? Nimwache asome?
*Mama, Njiro, Arusha*

Mama, si mashetani kwa maana ya pepo wanaoingia watu au kumpinga Mungu. Kwa Wagiriki walikuwa ndugu za nimfa wa milimani. Hesiod anawaita watu wasiofaa kitu na wasioweza kazi. Sura ya pembe na kwato inayowatia watu hofu ni ile ya Pan tuliyoieleza kwa fundi.

Hata hivyo kipo cha kuangalia. Masatiri wanawafukuza nimfa na wanawake, na hilo si la kupakwa sukari. Binti aitwaye Amymone alikwenda kutafuta maji, satiri akamvamia, na Poseidon, mungu wa bahari, ndiye aliyemwokoa kwa muda tu kabla ya kumtaka mwenyewe. Lakini kwenye vyungu vingi wanawake wafuasi wa Dionysus hawaogopi: wanawachapa masatiri kwa fimbo zao za bua zilizofungwa majani.

Kwa darasa la sita anzeni na mfalme Midas. Alimtegea Silenus kwa kumwaga mvinyo kwenye chemchemi, au, kama mshairi wa Roma Ovid anavyosimulia, wakulima walimwokota amelewa, Midas akamkirimu siku kumi usiku na mchana, kisha akamrudisha kwa Dionysus na kupewa ombi moja, akaomba kila agusacho kiwe dhahabu. Kisa cha Marsyas, satiri aliyechunwa ngozi, kisubiri sekondari.

Silenus ni mmoja au wengi?
*Mwanafunzi, Moshi*

Yote mawili. Zamani kundi zima liliitwa hivyo, kama kwenye chungu cha Florence. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 baada ya Kristo, anasema masatiri waliozeeka ndio waliokuwa Silenoi. Polepole mmoja alijitenga: mzee mnene juu ya punda, mlezi wa Dionysus. Huyo alikuwa na hekalu lake mwenyewe mjini Elis, ambamo Ulevi, katika umbo la mwanamke, alikuwa akimpa kikombe cha mvinyo. Alikuwa pia na hekima: Alcibiades, mwanasiasa wa Athens, anamfananisha mwanafalsafa Socrates na sanamu za Silenus zilizouzwa madukani, ambazo ukizifungua ndani unakuta sanamu za miungu.

Kwa nini Apollo alimshinda Marsyas? Sisi wanakwaya tunabishana.
*Mwanakwaya, Moshi*

Kwa hila, na simulizi mbili zinatofautiana ni hila gani. Zumari pacha ilikuwa mirija miwili, kila mmoja na ulimi wake wa bua, ikipulizwa pamoja, na wapulizaji wengi walifunga mkanda wa ngozi mashavuni. Mungu wa kike Athena aliitupa kwa sababu ilimvimbisha uso. Marsyas akaiokota na kumshindania Apollo mwenye kinubi. Katika simulizi moja Apollo aligeuza kinubi juu chini akapiga, akamtaka mwenzake afanye vivyo hivyo, na zumari haipulizwi upande wa pili. Katika nyingine aliongeza sauti yake kwenye nyuzi, jambo ambalo mtu mwenye mirija mdomoni hawezi. Aliyeshindwa alichunwa. Herodotus anasema ngozi yake ilitundikwa Kelainai, huko Frigia.

Je, Wagiriki waliwahi kusema masatiri walikuwako Afrika?
*Msomaji, Tengeru*

Walisema. Herodotus anaandika kwamba Zeus alimchukua Dionysus mchanga hadi Nysa, iliyoko Ethiopia, juu ya Misri. Kwao Ethiopia ilikuwa nchi zote za watu weusi kusini mwa Misri, kuanzia Nubia. Philostratus, katika karne ya 3 baada ya Kristo, anasimulia kijiji cha huko, karibu na maporomoko ya Nile, kilichosumbuliwa na satiri aliyewaandama wanawake. Mwanafalsafa Apollonius aliagiza hori la kunyweshea ng'ombe lijazwe mvinyo, amfora (mitungi) nne za Kimisri, akamwita. Hakuna aliyemwona, ila mvinyo ulipungua hadi ukaisha. Kisha akawapeleka wanakijiji kwenye pango la nimfa lililokuwa jirani, akawaonyesha satiri amelala, akawakataza kumpiga wala kumtukana, kwa kuwa hatawasumbua tena.